"WiFi Yenu Mbovu": Dalili, Vyanzo, na Ruta ya Kumpa Mteja

Mteja akipiga simu hasemi kwamba chaneli imejaa au kwamba mwanga kwenye faiba umefifia. Anasema "WiFi yenu mbovu". Kwake yeye WiFi ndiyo intaneti, na ruta ndiyo kampuni. Kwa mtoa huduma mdogo mwenye wateja mia kadhaa na mafundi wawili watatu, sentensi hiyo ndiyo inayokula nauli na siku nzima ya fundi.

Kosa linaweza kuwa kwenye laini, ndani ya ruta, hewani, au kwenye kifaa cha mteja. Faida kubwa ya ruta inayosimamiwa kutoka ofisini ni kukuonyesha liko wapi kabla fundi hajabeba begi lake. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye malalamiko na kuishia kwenye ununuzi. Sifa zilizochapwa kwenye boksi zimelengwa kwa mnunuzi wa dukani. Masharti yako wewe yameshaandikwa na wateja wako, yamo kwenye daftari la simu zinazoingia.

## Soma vipimo vitatu kwanza

Kabla ya kumwuliza mteja swali lolote, fungua ukurasa wa ruta yake utazame mambo matatu. La kwanza ni muda: ruta imewaka tangu lini, na muunganisho wake na mtandao wako umedumu tangu lini. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na lazima vionekane vyote. La pili ni kasi iliyopimwa na ruta yenyewe, WiFi ikiwa haihusiki, hadi kwenye seva iliyo ndani ya mtandao wako. La tatu ni orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kila kimoja na masafa kinayotumia, nguvu ya mawimbi yake kwa dBm (namba hasi: iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu), na kasi kinayozungumza na ruta.

Ruta isiyotoa hayo kwa mbali usiinunue, hata ikiwa bei chee. Yote yanayofuata hapa chini yanayategemea. Ukipata mfumo unaokumbuka vipimo vya siku kadhaa zilizopita, ung'ang'anie: wateja wengi hupiga simu asubuhi kulalamikia jambo la jana usiku, wakati kila kitu kimesharudi sawa.

## "Sebuleni iko vizuri, chumbani inazunguka tu"

Haya ndiyo malalamiko yatakayokufikia mara nyingi kuliko mengine. Kasi ya ruta ni kamili, simu iliyoko sebuleni inasoma -48 dBm, iliyoko chumbani inasoma -79. Hapo huhitaji kumtafuta mchawi: laini ni nzima, mawimbi hayafiki. Kwa kukadiria, -67 au zaidi inatosha kwa simu ya video. Ikishuka chini ya -75 manung'uniko yanaanza, na karibu na -80 muunganisho upo kwa jina tu.

Anza na mahali ruta ilipowekwa. Iliyofichwa kabatini, nyuma ya televisheni au sakafuni nyuma ya kochi imeshapoteza nguvu kabla ya kuvuka ukuta hata mmoja. Zege, kioo cha kujitazamia na tangi la maji ni vizuizi vikubwa. Mwombe mteja aiinue na kuisogeza kuelekea katikati ya nyumba, huku ukitazama namba zikibadilika mkiwa bado kwenye simu. Ukiweza kumwambia "imepanda kutoka 79 hadi 68, iache hapo hapo", amekuamini, na fundi amebaki ofisini.

Kisha tazama masafa. GHz 5 ina kasi zaidi, lakini hupenya kuta kwa shida kuliko GHz 2.4. Simu nyingine hung'ang'ania GHz 5 hadi dakika ya mwisho. Ruta nzuri huishawishi simu ihamie masafa yanayoifaa. Iliyo mbovu huifukuza kwa nguvu, nayo hurudi pale pale, ikafukuzwa tena, na mteja akaona mtandao unakatika kila baada ya sekunde chache. Jaribu tabia hii kwa simu za zamani pia, maana ndizo zinazoteseka.

Muuzaji atakuambia dawa ni ruta yenye antena nane na nguvu kubwa. Usikubali. Mazungumzo ya WiFi ni ya pande mbili, na simu hutuma kwa nguvu ndogo kuliko ruta. Ukiongeza nguvu upande mmoja, umempa mtu kipaza sauti huku mwenzake ukimwacha ananong'ona: simu itaonyesha mistari yote ya mtandao, ila majibu yake hayaifikii ruta. Isitoshe, kila nchi ina kikomo cha kisheria cha nguvu ya kurusha mawimbi.

Nyumba isiyotosheka na ruta moja inahitaji kifaa cha pili, cha meshi, kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyapitisha mbele, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kifaa cha meshi kinachotumia redio moja kuongea na simu na pia kurudisha data kwa ruta hupunguza kasi kwa takriban nusu, kwa kuwa kila pakiti (kipande cha data) inarushwa hewani mara mbili. Kosa la uwekaji ni kubwa zaidi: mteja hukitia ndani ya chumba kisicho na mtandao. Kifaa hicho hakizalishi intaneti, hupokea na kupitisha. Kikipokea -82, kitapitisha ubovu ule ule kwa sauti kubwa, na simu itasoma -45 huku ukurasa haufunguki. Kiwekwe katikati ya njia, mahali ambapo chenyewe bado kinapata -65 hivi. Waya ukiwezekana, vuta waya, na mjadala umekwisha.

Kwenye ununuzi, dai dashibodi (ukurasa wa ofisini wa kusimamia ruta) ionyeshe nguvu ya mawimbi kati ya kifaa cha meshi na ruta kuu, kwa sababu bila namba hiyo utahangaika na simu ambayo haina kosa. Dai pia kifaa hicho kiwe na angalau poti moja ya waya. Kuhusu EasyMesh, kiwango cha Wi-Fi Alliance cha mwaka 2018 kinacholenga vifaa vya kampuni tofauti vielewane, usiamini nembo peke yake. Viunganishe mezani kwako kwanza.

## "Nimelipia 200, napata 94"

Namba 94 au 95 inajieleza yenyewe. Poti ya Mbps 100 ikishatoa gharama za pakiti hubakiwa na takriban hapo. Ama ruta uliyompa ina poti za Mbps 100, ama ina poti za gigabiti lakini waya una tatizo. Gigabiti inahitaji jozi zote nne ndani ya kebo, Mbps 100 inahitaji mbili tu. Jozi moja ikikatika au plagi ikikazwa vibaya, vifaa hushuka kimya kimya hadi 100 na mtandao unaendelea kufanya kazi. Ruta inayoonyesha kasi ya kila poti kwa mbali inalimaliza suala hili kwa kuangalia mara moja. Ruta za poti za Mbps 100 bado zipo sokoni, zimebandikwa WiFi ya kizazi kipya ili zivutie. Soma karatasi ya vipimo hadi mstari wa mwisho.

Namba ikiwa 40 au 50, tazama kama simu iko kwenye GHz 2.4. Ikiwa ni 120 na waya ni mzima, mtuhumu kichakato (prosesa) cha ruta. Ruta nyingi hufikia kasi kubwa kwa njia ya mkato ya maunzi inayoruka kichakato. Ukiwasha udhibiti wa watoto, kipaumbele cha trafiki au takwimu za kina, njia hiyo ya mkato hujifunga, na PPPoE (njia ya ruta kujiunga na mtandao wako kwa jina na nenosiri) huongeza mzigo juu yake. Kwa hiyo usipime ruta ikiwa tupu. Washa kila kitu unachokusudia kuwauzia wateja, tumia aina ile ile ya muunganisho unayotumia kwenye mtandao wako, ndipo upime.

## "Inakatikakatika"

Neno hili moja lina magonjwa matatu, na yanatenganishwa na ule muda uliousoma mwanzoni.

Ukurasa ukisema ruta imewaka dakika 11 zilizopita na muunganisho una dakika 10, ruta inajizima na kuwaka. Anza na adapta kabla ya kulaumu kingine chochote. Adapta iliyochoka hutoa volti za kutosha ruta ikiwa imepumzika, kisha huzidiwa redio zote zikianza kurusha, ndiyo maana mteja husema inazima "nikianza kuangalia video". Huenda pia mteja ameibadilisha na ya kifaa kingine yenye plagi inayoingia lakini ampea pungufu. Nunua ruta za aina chache zinazotumia adapta moja, volti zile zile na plagi ile ile, ili fundi atembee na akiba ya aina moja. Baada ya adapta tazama joto, kisha kumbukumbu: ruta inayoganda kila baada ya wiki mbili na kupona ikizimwa ina programu dhibiti (programu iliyomo ndani yake) inayovuja kumbukumbu, yaani inayotwaa nafasi bila kuiachia. Dashibodi inayochora grafu ya kumbukumbu itakuonyesha mstari ukipanda siku hadi siku.

Ruta ikiwa imewaka siku 40 na muunganisho una dakika 10, tatizo liko upande wako, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo. Kwenye faiba, soma nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kipokezi cha GPON (aina ya mtandao wa faiba) cha daraja B+ upande wa mteja kinakoma kwenye -27 dBm. Anayesoma -26 leo atakatika kesho waya ukikunjwa kidogo, au plagi ikiingia vumbi. Kwenye redio ya juu ya paa, tazama kama mshale wa antena umehama au mti umekua. Kama ruta na kipokezi cha faiba viko ndani ya kifaa kimoja, hakikisha namba hizi zinaonekana kwenye dashibodi ile ile, la sivyo utafungua mifumo miwili mteja akisubiri.

Ruta na muunganisho vyote vikiwa na siku 40, WiFi peke yake ndiyo inayoanguka. Chunguza chaneli. Kwenye GHz 5, chaneli 52 hadi 144 katika nchi nyingi zinatumiwa pamoja na rada. Ruta ikisikia rada sheria inailazimu iondoke, na ikitaka kuhamia chaneli nyingine ya kundi hilo inapaswa kusikiliza kwanza, kwa kawaida sekunde 60, kabla ya kurusha. Kwa mteja hiyo ni dakika nzima bila mtandao, isiyo na maelezo. Anayeishi karibu na uwanja wa ndege au rada ya hali ya hewa, mfunge kwenye chaneli 36 hadi 48. Unapochagua ruta, hakikisha tukio la rada linaandikwa kwenye rekodi ya matukio unayoweza kuisoma kwa mbali.

## "Usiku inakuwa nzito"

Hapa uadilifu unahitajika kabla ya ufundi. Endesha kipimo cha kasi kwenye ruta za wateja kadhaa wa eneo hilo saa ile ile ya jioni. Zote zikiwa chini, mtandao wako umezidiwa, na hakuna ruta duniani itakayouponya. Ongeza uwezo wa laini kuu. Kumuuzia mteja meshi katika hali hiyo ni kumdhulumu.

Ikiwa ruta inapima vizuri na simu zinasuasua, majirani wamerudi nyumbani na kuwasha za kwao. Kwenye GHz 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana kwa upana wa MHz 20: 1, 6 na 11. Ruta iliyowekwa MHz 40 kwenye masafa hayo inameza sehemu kubwa ya nafasi yote, inawaumiza majirani na kujiumiza. Weka 20 kwa wateja wote, kwa amri moja kutoka ofisini. Kama mfumo hauwezi kutoa amri moja kwa ruta zote, hujapata usimamizi, umepata ukurasa mzuri wa kutazama. Chaneli ya kujichagulia iwe inapangwa alfajiri, isihame mtu akiwa katikati ya mkutano.

Upo ugonjwa wa tatu ambao hupimwa mara chache mno. Kasi ni nzuri, mawimbi ni mazuri, lakini simu ya video inakwama na gemu halichezeki mtu mwingine nyumbani anapopandisha picha zake. Pima pingi (muda wa pakiti kwenda na kurudi) laini ikiwa tulivu, uone tuseme ms (milisekunde) 15. Anzisha upandishaji mkubwa upime tena. Ikiruka hadi ms 400, foleni ndani ya kifaa ni ndefu kupita kiasi: pakiti ndogo ya sauti inasubiri nyuma ya lundo la picha. Dawa yake imeshakomaa. Inaitwa fq_codel, njia ya kupanga foleni ya pakiti, ilichapishwa kama RFC 8290 (hati ya kiufundi ya intaneti) mwaka 2018, na nduguye CAKE anapatikana kwenye programu za ruta za OpenWrt na RouterOS ya MikroTik kuanzia toleo la 7. Iwekee kikomo chini kidogo ya kasi halisi ya laini ili foleni ijengeke mahali unapoidhibiti: upandishaji kwenye ruta ya mteja, upakuaji kwenye kifaa chako kinachogawa kasi. Ningechagua ruta yenye uwezo huu kabla ya ile yenye WiFi ya kizazi kipya zaidi, kwa sababu mteja hulisikia tofauti yake siku hiyo hiyo.

## "Simu imeshika, kamera imekataa"

Kamera, plagi na taa nyingi za kuunganishwa na intaneti zinajua GHz 2.4 pekee. Nyingine hazijui WPA3, usalama wa WiFi uliofuata WPA2, na baadhi hushindwa hata na hali mseto ya WPA2 na WPA3. Nyingine huchanganyikiwa na 802.11r, teknolojia ya kuharakisha kuhama kutoka kifaa kimoja cha meshi hadi kingine. Usishushe usalama wa nyumba nzima kwa ajili ya taa moja. Fungua jina la pili la mtandao kwenye GHz 2.4 kwa WPA2, ukizima 802.11r hapo. Ruta yako lazima ikuruhusu kufanya hivyo kwa mbali na kwa jina moja peke yake.

Mzazi akisema udhibiti wa watoto umeacha kufanya kazi, kumbuka kwamba tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani ya MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) ya kubuni kwa kila mtandao. Simu ya mtoto ikisahau mtandao na kujiunga upya, inaweza kuonekana kama mgeni.

## "Baadhi ya kurasa hazifunguki"

Ukitumia PPPoE, baiti 8 za kila pakiti zinaliwa, hivyo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) inashuka kutoka 1500 hadi 1492. Ruta isiyorekebisha MSS (kiasi cha data kinachobebwa na pakiti moja) itafungua kurasa nyepesi na kukwama kwenye nyingine. Rekebisha, endelea.

## Mtaa mzima umepotea baada ya mtu mmoja kugusa ruta

Hii ni dalili yenye kuogofya na yenye chanzo kidogo. Mteja amebonyeza kitufe cha kurudisha ruta kiwandani, kisha amechomeka waya wako kwenye poti ya LAN, yaani ya vifaa vya ndani ya nyumba. Sasa ruta yake inagawa anwani za 192.168 kwa majirani kupitia mtandao wako. Kinga ya kweli iko kwenye swichi zako: zuia majibu ya DHCP (mfumo wa kugawa anwani) yanayotoka upande wa wateja, na tenganisha wateja wasionane. Hata hivyo ruta inachangia. Zipo zinazotambua zenyewe ni poti ipi imeshika mtandao wa nje, na zipo ambazo poti hiyo ina rangi yake isiyokosewa.

Kitufe hicho kinastahili jaribio la kipekee kabla ya kununua. Kibonyeze mwenyewe. Ruta ikirudi tupu, bila jina la PPPoE na bila anwani ya seva yako ya usimamizi, kila mteja mwenye kidole atakuitia fundi. Inayotakiwa ni ile inayoweza kuwekewa mipangilio yako kama ya kiwandani, au inayopewa anwani ya seva kupitia chaguo la 43 la DHCP, ikajiunga na kujisanidi bila mtu kugusa kitu.

## Amri umetuma, ruta haisikii

Dalili hii utaiona wewe, mteja hataijua. Dashibodi inaonyesha ruta iko hewani, lakini badiliko la nenosiri linafika baada ya saa nzima. TR-069, itifaki ya kusimamia ruta kwa mbali iliyozoeleka tangu 2004, hutegemea ruta iripoti yenyewe kila kipindi kilichopangwa. Seva ikitaka kuiita kabla ya zamu lazima iifikie moja kwa moja, na hilo linashindikana ruta ikiwa nyuma ya NAT ya pamoja, yaani wateja wengi wakitumia anwani moja ya intaneti. Ipe trafiki ya usimamizi VLAN (mtandao uliotengwa) yake yenye anwani inayofikika, au chagua vifaa vya TR-369, itifaki ya mwaka 2018 inayoacha muunganisho wazi muda wote kwa njia kama MQTT. GenieACS, seva huria ya TR-069, inamtosha mtoa huduma mdogo ambaye ana mtu wa kuitunza. Asiye naye bora alipie huduma ya wingu.

Poti ya usimamizi isionekane kutoka intaneti. Novemba 2016 nchini Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipata hitilafu baada ya shambulio lililolenga poti 7547, inayotumiwa na TR-069. Iruhusu seva yako pekee, tumia usimbaji, na kila ruta iwe na nenosiri lake.

## Kabla ya kusaini oda

Chukua vifaa vichache vya aina mbili tatu, uvipeleke kwa wateja wanaolalamika zaidi. Nyumba tulivu haitakufundisha kitu. Sukuma toleo jipya la programu dhibiti kwa mbali na uzime umeme katikati yake, uone kama ruta inafufuka na toleo la zamani au imekufa. Hakikisha unaweza kusasisha kundi dogo kwanza, ukasubiri siku kadhaa kabla ya wengine.

Muuzaji naye aulizwe kwa maandishi. Marekebisho ya usalama yataendelea hadi mwaka gani? Leseni ya wingu ikikoma, ruta zitaendelea kufanya kazi au zitabaki maboksi? Unaweza kuzihamishia kwenye seva nyingine bila kwenda nyumba kwa nyumba? Na data ya wateja, yaani vifaa walivyo navyo na saa wanazokuwa nyumbani, inahifadhiwa wapi na nani anaiona? Asiyejibu la mwisho kwa uwazi, mrudishie sampuli zake.